Warithi wa Marehemu Kifua Kikuu

Nchi ya Afueni haimo kwenye ramani yoyote, na wenyewe husema kosa ni la ramani. Ni nchi njema. Barabara zake hazina mashimo, maana shimo likitokea huitwa bwawa na kukabidhiwa Wizara ya Uvuvi. Njaa hakuna, kuna vipindi vya hamu ya kula. Na kifua kikuu hakipo kabisa, kwa sababu kilifariki dunia kikazikwa kwa heshima zote za kitaifa. Ngwali Tumbwe alikuwepo kwenye mazishi hayo, na laiti asingekuwepo.

Ngwali alikuwa mpiga tarumbeta wa Bendi ya Shaba ya Taifa, mtu mrefu, mpole, mwenye mashavu yaliyolegea kwa kazi ya kupuliza. Kwa miaka mingi alikuwa akiishi na VVU. Alimeza dawa zake kila asubuhi na chai ya rangi, na mwili ukamtulia hata yeye mwenyewe akawa anasahau kwamba kuna jambo. Mkewe Sikudhani alijua, nesi wake alijua, na hao walimtosha.

Wazo la mazishi lilikuwa la Waziri wa Afya na Shangwe, Mheshimiwa Kasri Mvungala. Mheshimiwa alikuwa amemwahidi Mtukufu Rais, mbele ya vipaza sauti, kwamba kifua kikuu kitakwisha kabla ya mvua za vuli. Mawingu ya vuli yakaanza kujikusanya, na kifua kikuu kikawa bado kinaendelea na shughuli zake kama kawaida. Waziri akapima, akaona kuuzika ugonjwa ni rahisi kuliko kuutibu. Likachongwa jeneza la mninga. Ndani wakatia mabango yote ya zamani ya kuwahimiza watu wakapime, maana jeneza tupu lingepeperuka na kuitia serikali aibu. Wakakodiwa waombolezaji. Hapo ukazuka mjadala mkali wizarani: walie au wacheke? Ikaamuliwa walie kwa furaha. Kwa kuwa hakuna aliyejua kulia kwa furaha kunafanywaje kwa malipo ya serikali, siku ya siku kila mmoja alisimama na uso wa mtu anayetafuta chafya.

"Ndugu wananchi," alinguruma Waziri kando ya kaburi, "marehemu alikuwa mkorofi! Aliingia majumbani bila hodi, akala kwenye mapafu ya watu bila kunawa. Tulimwonya, hakusikia. Tukaunda kamati, hakusikia. Tukaunda kamati ya kuichunguza kamati, akaanza kutetemeka! Mwishowe, alipouona uongozi thabiti wa Mtukufu, alikata tamaa akajifia mwenyewe. Kuanzia leo, yeyote atakayesema anaumwa kifua kikuu atashtakiwa kwa kosa la kufukua maiti!"

Makofi yakapigwa. Jeneza likaanza kushuka. Ngwali akapeleka tarumbeta mdomoni.

Sasa, Ngwali alikuwa na kikohozi chake cha wiki kadhaa, ambacho alikuwa akikilaumu vumbi la gwaride. Alianza wimbo wa buriani vizuri, akapanda noti ya kwanza, akapanda ya pili, na alipoifikia ile ya juu, ile inayowatoa machozi hata mabalozi, kifua kikagoma. Akakohoa ndani ya tarumbeta. Na tarumbeta haifichi siri. Uwanja mzima ulisikia mlio wa punda aliyezibwa pua.

Kisha kutoka upande wa jukwaa la wazee, mtu akakohoa. Mwingine akamjibu upande wa wanafunzi. Halafu kikohozi kikazagaa uwanjani kama kubweka kwa mbwa wa kijijini, huyu anaanza, yule anapokea. Watu walikuwa wamekibana vifuani mwao tangu asubuhi kwa uzalendo.

Waziri aligeuka taratibu akamtazama Ngwali.

"Wewe ndiye unayemwitikia marehemu?"

Kabla jua halijatua, Ngwali alikuwa amesimamishwa kazi kwa kosa la kujaribu kufufua kwa njia ya upepo.

*

Sikudhani hakuwa mwanamke wa kulia. Alikuwa fundi cherehani, na cherehani yenyewe aliipata kwa kupigana. Baba yake alipofariki, baba zake wadogo walisema mtoto wa kike harithi chuma. Sikudhani akawapeleka mahakama ya mirathi, akawashinda, na njiani wakati wa kurudi akawasimanga mmoja mmoja kwa mpangilio wa umri. Tangu hapo, mtaani akipita na faili, watu wazima walihamia upande wa pili wa barabara.

"Baba Raziki," alimwambia mumewe jioni ile, akimwekea uji, "kazi itapatikana. Mimi nauliza hicho kifua."

"Vumbi tu, Mama Raziki."

"Vumbi gani linalolowesha shuka? Nimeanika shuka juzi, jana, na leo. Majirani watadhani nina mtoto mchanga."

Ngwali alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kilipokwisha alibaki ameshika mbavu. Binti yao Raziki aliinua macho kutoka kwenye madaftari yake, akamtazama baba yake kwa namna ambayo Ngwali hakuipenda. Ilikuwa namna ya kuaga. Asubuhi Ngwali alivaa viatu mwenyewe, bila kusukumwa, akaongozana na mkewe kwenda kliniki.

Kliniki yake ya siku zote ilikuwa ya Sista Perusi Nambole, nesi mnene mwenye sauti ya kunong'ona isiyolingana na umbo lake. Hadi siku ya mazishi, kila mtu mwenye VVU aliyekuja kuchukua dawa alikuwa akiulizwa na Sista maswali manne: unakohoa? una homa? unatoka jasho usiku? umepungua? Jioni ya siku hiyo, maswali hayo yalipigwa marufuku kwa kuwa yanamchokoza marehemu. Sista alitazama dirishani, akatazama mlangoni, kisha akajisogeza.

"Mzee Tumbwe," akanong'ona, "je, kifua chako siku hizi kinabisha hodi?"

"Kinabisha mpaka majirani wanaitika."

"Jioni mwili unapata joto kama mtu aliyesingiziwa?"

"Kila jioni."

"Usiku unaogelea bila kwenda pwani?"

"Huyo anaogelea," alidakia Sikudhani, "mimi nakuwa mkoko."

"Na mkanda?"

Ngwali alinyanyua shati. Mkanda ulikuwa umetobolewa tundu jipya kwa msumari.

Sista Perusi akaacha kunong'ona. "Mzee wangu, mtu mwenye virusi vyako hapaswi kulala na dalili hizi hata siku moja bila kupimwa. Tena mwaka jana ulitakiwa nikupe dawa ya kinga, ile ya kukuzuia usikipate kabisa. Wakaizuia. Wakasema kugawa kinga ni kukiri kwamba kitaendelea kuwepo."

"Basi nipime sasa."

Sista aliwaongoza hadi chumba cha nyuma. Mashine ya kupimia makohozi ilikuwa imefunikwa bendera ya taifa, na juu yake pamewekwa shada la maua ya plastiki. Pembeni kulikuwa na stoo iliyofungwa kwa kufuli na utepe mweusi. Kwenye kioo cha mlango mtu aliweza kuona maboksi ya dawa, yamepangwa safi, hayajaguswa. Mlangoni palibandikwa tangazo la wizara: MALI YA MAREHEMU. USIGUSE.

Ngwali alitazama maboksi yale. Dawa ilikuwa pale, umbali wa kunyoosha mkono, na yeye alikuwa anakwenda kufa kwa sababu ya utepe.

Sikudhani yeye hakuyatazama maboksi. Alikuwa akisoma tangazo. Akalisoma mara ya pili, midomo ikicheza. Kisha akatabasamu, na Ngwali, aliyelijua tabasamu lile tangu enzi za kesi ya cherehani, akavuta kiti akakaa.

"Sista," alisema Sikudhani, "huyu marehemu, mirathi yake imefunguliwa?"

*

Hakimu Sungwa wa mahakama ya mirathi alikuwa mtu aliyeipenda kazi yake kuliko walio hai. Aliposikia kuna marehemu mashuhuri aliyezikwa kitaifa na mali yake haijagawiwa, alichukia kwa dhati. Kesi ikapangwa upesi. Wizara ikamleta wakili mwenye suti ya kung'aa na Kiswahili cha kuazima kwenye hotuba.

"Mheshimiwa Hakimu," alianza wakili, "madai ya mama huyu ni kichekesho. Kifua kikuu hakiwezi kuacha warithi. Si mtu!"

"Kilizikwa?" aliuliza Hakimu.

"Kilizikwa, Mheshimiwa."

"Kwenye jeneza?"

"La mninga, Mheshimiwa."

"Bendera ilishushwa nusu mlingoti?"

"Ilishushwa."

"Mimi shangazi yangu alizikwa kwenye mkeka," alisema Hakimu kwa uchungu, "na alikuwa mtu. Endelea, lakini kwa adabu. Unamzungumzia marehemu."

Wakili akakaa. Sikudhani akasimama, faili kifuani.

"Mheshimiwa, mimi sina maneno mengi. Naomba wizara ijibu swali moja tu. Kifua kikuu kiko hai au kimekufa? Kama kiko hai, mume wangu anakiugua, apewe dawa. Kama kimekufa, kimeacha mali stoo, na mume wangu ndiye kilichomkalia kifuani mpaka mwisho. Hakuna ndugu wa karibu kuliko huyo. Apewe urithi wake."

Ukumbi ukanong'ona. Wakili alipekua makaratasi yake. Akisema kiko hai, atakuwa amefukua maiti mbele ya hakimu, na adhabu yake aliijua kwa sababu ndiye aliyeiandika. Akisema kimekufa, stoo inakwenda. Aliomba maji. Akaletewa maji. Akayanywa polepole sana, kama mtu anayetumaini glasi haina mwisho.

"Kimekufa," alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu anayeuza shamba la babake.

Hakimu Sungwa akarekebisha miwani. "Mahakama hii imesikitishwa. Marehemu hana hata arobaini na tayari serikali inataka kudhulumu yatima wake. Naamuru stoo ifunguliwe. Lakini mahakama inajua matapeli. Penye mirathi hujitokeza watoto ambao marehemu hakuwajua. Basi, kila anayedai urithi atoe makohozi yake, yaingizwe kwenye mashine. Mashine ikimkuta na marehemu ndani yake, huyo ni mrithi halali, na atapewa fungu lake kamili, kila siku, mpaka liishe. Wanaoishi naye nyumba moja nao wachunguzwe. Wasiokutwa na kitu watapewa kinga, iwe takrima ya msiba."

Nje ya mahakama Ngwali alimshika mkewe mkono hadharani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu harusi.

"Usinishike," alisema Sikudhani, "utanitoa machozi na nina wateja."

*

Shada la plastiki likaondolewa, bendera ikakunjwa. Ngwali alipewa kikopo, akaenda nyuma ya jengo penye hewa, akakohoa kutoka chini kabisa. Mashine ikanguruma. Majibu yalipotoka Sista Perusi alimwita ndani, akafunga mlango, akawa hana mzaha.

"Kimeonekana, Mzee Tumbwe. Dawa ni miezi sita. Utajisikia vizuri mapema, na hapo ndipo wengi huacha, na hapo ndipo kinarudi na hasira. Dawa zako za virusi unaendelea nazo. Moja nitaiongeza kidogo kwa sababu hizi mpya zinaipunguza nguvu. Madirisha wazi. Na awepo mtu wa kukuona ukimeza."

"Yupo," alisema Ngwali. "Hata nisipotaka."

Sikudhani na Raziki walichunguzwa, wakakutwa salama, wakapewa kinga. Raziki alilalamika kwamba vidonge ni vichungu. Mama yake akamwambia urithi wote ni mchungu, amuulize yeye.

Asubuhi ya kwanza baada ya kumeza, Ngwali alitoka chooni mbio.

"Mama Raziki! Nakojoa rangi ya chama!"

Na kweli, chama tawala cha Afueni rangi yake ni ya chungwa. Sikudhani alikuwa ameshaonywa na Sista kwamba dawa ina kawaida hiyo na haina madhara, lakini hakuona sababu ya kuharakisha.

"Basi hongera," alisema, bila kuinua mguu kwenye cherehani. "Wenzako wanaitafuta kadi miaka."

Wiki zikapita. Homa ikamwacha, shuka zikaamka kavu. Mkanda ukarudi tundu lake la zamani, na Ngwali akaanza kula mpaka Sikudhani akamuuliza kama na yeye ana kamati tumboni.

*

Lakini neno "urithi" halikai ndani. Mtaani ilisemekana mpiga tarumbeta amerithi. Sokoni ilisemekana amerithi nyumba. Habari ilipofika wizarani, ilikuwa nyumba na magari. Waziri Mvungala aliposikia alianza kupiga hesabu. Yeye mwenyewe kila mwaka alisaini mafungu ya kupambana na kifua kikuu, mafungu manene, na fedha hizo zilikuwa zinaingia na hazionekani zilikokwenda. Mheshimiwa alisahau kabisa zilikwenda wapi, ingawa alikuwa amekaa kwenye sebule iliyojengwa nazo. Akahitimisha kwamba kwa fedha zote zile, marehemu lazima alikufa tajiri.

Kesho yake kliniki ya Sista Perusi ilizingirwa. Walikuja walio na kikohozi na wasio nacho. Walikuja wakurugenzi, walikuja wake zao, walikuja na wajumbe wote wa ile kamati ya kuichunguza kamati. Watu ambao kwa miaka walikuwa wakikificha kikohozi nyuma ya leso, sasa walikohoa kwa majivuno, wakigombea foleni, kila mmoja akidai cha kwake ndicho cha ukoo. Ngwali, aliyekuja kuchukua dawa, aliombwa asaidie kugawa vikopo. Aliwaweka watu uani penye upepo, akawapanga kwa nafasi, akawafundisha kukohoa kutoka ndani. Nchi nzima haikuwahi kupimwa namna ile hata ilipobembelezwa.

Wengi hawakukutwa na kitu, wakaondoka wakitukana mashine kwa upendeleo. Baadhi walikutwa nacho, na wakaanza dawa siku hiyo hiyo.

Waziri aliingia na walinzi, akakohoa kwenye kikopo cha peke yake chenye nembo ya taifa, akasubiri. Sista Perusi alitoka na majibu.

"Mheshimiwa, umekutwa nacho."

Waziri akarusha mikono juu. "Nilijua! Nilijua tu!" Akageukia umati uliokuwa uani. "Ndugu wananchi, nimeshinda! Ahsanteni sana!" Walinzi wakapiga makofi, umati ukapokea, mama mmoja akapiga kigelegele.

"Haya," alisema Waziri, akifuta jasho, "nionyesheni mali."

Sista akamkabidhi boksi la vidonge.

Waziri akalitazama. Akalitikisa. Akatazama ndani kama kuna ufunguo wa gari. Ndipo Sista alipomsogelea, akamweleza sikioni, kwa ile sauti yake ya kunong'ona, ni nini hasa alichoshinda. Ngwali alikuwa karibu na aliuona uso wa Mheshimiwa ukibadilika. Aliwahi kuota siku kama hiyo. Alipokuwa amelala kwenye shuka mbichi, bila kazi, aliota kumwona mtu huyu akipigwa na jambo. Sasa alipoliona, hakupata utamu alioutarajia. Aliona tu mtu mzima aliyeogopa, amesimama katikati ya watu wanaomshangilia.

*

Siku chache baadaye Sista Perusi alimwita Ngwali.

"Mheshimiwa hamezi," alisema. "Mkewe amehamia kwa dada yake. Watumishi wanamwogopa, hawathubutu kumwambia meza. Jana alimwagiza Katibu Mkuu akameze kwa niaba yake, na Katibu Mkuu alikuwa ameshafungua mdomo. Anahitaji mtu ambaye hana cha kupoteza kwake."

"Alinisimamisha kazi, Sista."

"Ndiyo maana nimekuita wewe."

Ngwali alimwambia mkewe, akitumaini atamkataza. Sikudhani aliuma uzi kwa meno, akafikiri.

"Nenda," alisema. "Akitukana, vumilia. Asipomeza, niite mimi."

Asubuhi akaenda. Kama Sista alivyoagiza, waliketi barazani penye upepo, viti vimetengana, Waziri na barakoa yake. Bila suti alionekana mdogo, kama mtu aliyeazimwa mwili. Boksi la dawa lilikuwa mezani, halijapungua.

"Nitameza nikipata nafasi," alisema Waziri. "Nina kikao."

"Kikao kitasubiri, Mheshimiwa."

"Unajua unaongea na nani?"

"Najua. Na hicho kilichomo kifuani hakijui." Ngwali akamimina maji kwenye glasi. "Meza, Mheshimiwa."

Waziri hakuichukua glasi. Alitazama bustani yake.

"Jana nilikohoa bungeni," alisema. "Nilikohoa mpaka nikashika meza. Unajua walifanya nini?"

"Hapana."

"Walipiga makofi. Spika akasema hoja imepita."

Ngwali akamsogezea glasi. Upepo ukapita kati yao. Kisha Waziri wa Afya na Shangwe alisogea mbele kidogo kwenye kiti, akatazama mlangoni, akatazama dirishani, akauliza kwa sauti ndogo sana.

"Tumbwe. Hivi... kinapona kweli?"

"Kinapona, Mheshimiwa. Mimi si huyu hapa? Ila kinataka umeze kila siku, hata siku utakayojiona mzima."

Waziri alishusha barakoa. Akaweka vidonge kwenye ulimi, akafumba macho, akanywa maji. Koo likapanda, likashuka.

"Tayari," alisema.

"Fungua mdomo nione."

Mheshimiwa Kasri Mvungala akafungua mdomo, wote, mpaka magego. Na kwa mara ya kwanza tangu aapishwe, haikutoka hotuba.